Kutoka Nairn hadi Rusumo

Nairn ni mji mdogo wa pwani, kaskazini mwa Uskoti, pale mto wenye jina hilohilo unapomwaga maji yake katika ghuba ya Moray Firth. Kwa vizazi vingi watu wake waliishi kwa uvuvi. Mtaa wao, Fishertown, ungalipo karibu na bandari: nyumba ndogo za mawe zilizobanana na vichochoro vyembamba. Mashariki ya mji kuna vilima vya mchanga vya Culbin. Kusini-magharibi, mwendo wa usiku mmoja kwa miguu, kuna uwanda wa Culloden, ambako tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la wafuasi wa ukoo wa Stuart, wengi wao watu wa milimani, lilisambaratishwa kwa muda usiozidi saa moja. Katika mji huo, mwezi Aprili 1827, nyumbani kwa mchungaji wa parokia, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la James Augustus Grant.

Miaka 34 baadaye mtoto huyo, sasa kapteni wa jeshi la Waingereza huko India, alikuwa ameketi mbele ya hema katika nchi ya Usui, akingoja ruhusa ya mfalme ili aendelee na safari. Usui ni jina waliloliandika wageni. Wenyewe huiita Rusubi, na ndiyo nchi ya Biharamulo ya leo. Magharibi yake kulikuwa na Bushubi, na mbele zaidi Bugufi ya Wahangaza, nchi mbili zilizokuja kuunganishwa zikawa Wilaya ya Ngara.

Nimeanza na Mskoti huyu kwa sababu maandishi yake na ya mwenzake, John Hanning Speke, ni miongoni mwa ya kwanza kuieleza nchi hii kwa kirefu kwenye karatasi. Tangu hapo historia ya Biharamulo na Ngara imeandikwa zaidi na watu waliokuwa wakipita. Mmoja alikuwa akitafuta chanzo cha mto, mwingine njia ya reli, mwingine mpaka wa dola yake, na wa mwisho walikuwa wakitafuta mahali pa kulala wasiuawe. Wenyeji waliowapokea wote hao hawana kurasa nyingi. Basi tuwafuate wageni polepole, huku jicho letu likibaki kwa mwenye nyumba.

Speke na Grant waliondoka Zanzibar mwezi Septemba 1860. Walitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kuthibitisha kwamba ziwa aliloliona Speke mwaka 1858, na kuliita Victoria, ndilo linaloutoa mto Nile. Nguzo ya msafara wao ilikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Speke hakukijua Kiswahili vya kutosha. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, Bombay akakigeuza kuwa Kiswahili, na mtu mwingine akakigeuza Kiswahili hicho kuwa lugha ya mwenye nchi. Neno la mfalme liliporudi lilipitia vinywa hivyohivyo kinyumenyume. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila tunaposoma katika vitabu vya safari ile kwamba mfalme fulani alisema hivi au vile.

Kutoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, mambo yaliharibika. Kulikuwa na vita kati ya wafanyabiashara Waarabu na watemi wa Unyamwezi, chakula kilikuwa adimu, na wapagazi walikataa kwenda kaskazini. Wageni wakatengana. Speke alitangulia Uzinza akaugua kifua, na Grant akabaki nyuma na mizigo. Mwezi Septemba 1861 watu wa mtemi Myonga waliuvamia msafara wa Grant, wapagazi wakakimbia, mizigo ikatawanywa porini. Sehemu ilirudishwa baadaye, sehemu ikapotea. Kwa hiyo walipokutana tena na kuingia Usui mwezi Oktoba, walikuwa wamechoka, wamepungukiwa, na wameanza kumwona kila mwenye mamlaka kuwa mnyang'anyi.

Mwenye mamlaka Usui aliitwa Suwarora, kama Speke alivyoliandika jina lake. Hawakuwahi kumwona. Walikaa katika nchi yake siku nyingi, wakitumiwa maofisa waliokuja na kurudi, na mazungumzo yote yalihusu hongo: masango mangapi ya waya, nguo ngapi, shanga za aina gani, nani apewe na mfalme, nani apewe na ofisa wake. Usiku wezi waliizunguka kambi. Mchana wapagazi walikula posho bila kutembea hatua. Speke aliyaandika hayo yote kwa hasira, na msomaji wa London alifunga kitabu akiamini kwamba Usui ilikuwa nchi ya wanyang'anyi.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Neno hongo leo limeshuka hadhi, tukilisikia tunafikiri rushwa ya chini ya meza. Wakati ule lilikuwa jina la ushuru halali, uliojulikana na kila msafara kutoka Bagamoyo hadi Buganda. Aliyelipa alipewa ulinzi, kisima, soko la chakula na mtu wa kumwonyesha njia. Usui ilikaa pahali penye thamani mno katika njia hiyo. Tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipanda kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, kwenda Karagwe kutafuta pembe, na wengine wakavuka hadi kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Mashariki ya Usui kuna ziwa, magharibi kuna mabonde ya mafunjo ya Kagera na Ruvubu. Msafara uliotoka kusini wenye wapagazi mamia, mbuzi na majora ya merikani haukuwa na njia rahisi zaidi ya ile iliyopita mlangoni kwa Suwarora. Mfalme aliyekaa hapo na asitoze ushuru angekuwa hajui kazi yake.

Tena msafara huu haukuwa wa kawaida. Wafanyabiashara walijulikana: walikuja kununua, wakanunua, wakarudi. Wazungu hawa wawili hawakununua pembe wala watumwa. Walisema wanataka kuona maji yanakotoka. Mtu aliyekuwa na maji tele mbele ya macho yake angeelewaje mgeni aliyeyaacha maji ya kwao akatembea mwaka mzima kuja kuyatazama ya wengine? Suwarora aliwazuia, akawahesabia ushuru, akawaacha wapite bila kuonana nao. Kwa mfalme aliyekuwa na wajibu wa kuilinda nchi yake, mimi naona alitenda kwa busara. Wajukuu wa watu wake wangeona baadaye jinsi wageni waliokaribishwa kwa haraka walivyorudi na bunduki.

Ardhi waliyoitazama huku wakingoja haijabadilika umbo lake. Ukitoka Biharamulo kuelekea Ngara, misitu ya miombo inaanza kuachana na majani marefu, na vilima vinajipanga safu kwa safu kutoka kaskazini hadi kusini. Juu vimekuwa bapa, ubavuni mawe yametokeza, na chini kuna mabonde ya kijani ambayo wakati wa mvua hugeuka vinamasi. Migomba huashiria kaya kabla hujaiona paa. Mji wa Ngara uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hujaa mabondeni vilele vikabaki juu kama visiwa. Mtu wa Nairn, aliyezaliwa akitazama ukungu ukipanda kutoka baharini, angeweza kuliona hilo bila kushangaa. Ndipo Grant alipopata nafasi ya kufanya alichokifanya vizuri kuliko mwenzake. Speke alipima latitudo na kuwinda. Grant alichora, akakusanya mimea, akaikausha na kuiandikia mahali ilipotoka. Mimea hiyo ilifika bustani ya Kew, na katika miaka ya 1870 Jumuiya ya Linnaeus ya London ikaichapisha katika juzuu yake ya 29.

Tarehe 25 Novemba 1861 walifika Bweranyange, kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, aliyewapokea kwa ukarimu ambao wote wawili waliusifu mpaka mwisho wa maisha yao. Huko Grant alipatwa na kidonda kikubwa cha mguu. Speke alimwacha akaenda kwa Kabaka Mutesa mwezi Januari 1862, na mtu aliyekuja kutembea akabaki amelala, akihudumiwa na watu wa Rumanyika, hadi alipobebwa kwenye machela mwezi Aprili. Hata Julai 28, Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani, Grant hakuwepo. Alikuwa ametumwa njia nyingine kuelekea Bunyoro. Kitabu chake cha mwaka 1864 kina jina linalomaanisha matembezi ya kuivuka Afrika, kutokana na maneno ya Waziri Mkuu Palmerston aliyemwambia kwamba ametembea mbali sana. Alirudi Nairn, akaishi katika nyumba iitwayo Househill, akafariki Februari 1892.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mgeni wa aina nyingine aliuvuka Ruvubu. Huyu alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, na alikuja na bunduki nyingi. Baada yake, mwanzoni mwa Mei 1894, akaja Gustav Adolf von Götzen, akafika Rusumo kwenye maporomoko ya Kagera, akavuka kuingia Rwanda, na kabla mwezi haujaisha akasimama mbele ya mwami Kigeli Rwabugiri. Hakuomba ruhusa kama Grant. Wajerumani walikuwa wamekwisha kukubaliana na Waingereza mezani Ulaya kwamba nchi hizi ni zao, ingawa hakuna aliyewaambia wenyewe. Götzen baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905.

Miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma Biharamulo. Kuta zake nene nyeupe zingali zimesimama mjini. Ukilitazama unaona mara moja kwamba mambo yamegeuka. Kwa Suwarora mgeni alingoja nje. Sasa mwenyeji ndiye aliyengoja nje, akiwa ameleta kodi.

Boma hilo halikudumu mikononi mwa walioliweka. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, askari wengi wao Waafrika kutoka misitu ya mbali, yaliingia Biharamulo yakiwa njiani kwenda Tabora. Wabelgiji walibaki na nchi hii mpaka mwaka 1921. Na wakiwa bado wanaishikilia, hatima yake iliamuliwa tena mbali, katika mazungumzo ya Milner, waziri wa Uingereza, na Orts wa Ubelgiji, yaliyokamilika tarehe 30 Mei 1919. Ubelgiji ilipewa Rwanda na Burundi. Uingereza ilipewa Tanganyika, na juu yake ikaomba ukanda wa mashariki wa Rwanda, uitwao Gisaka, ili reli ya kutoka Cape hadi Cairo ipate pa kupita. Reli hiyo haikujengwa kamwe. Mwami Musinga na wamisionari walilalamika, Umoja wa Mataifa wa wakati ule ukasikiliza, na mwaka 1924 Gisaka ikarudishwa Rwanda.

Bugufi haikurudishwa. Nchi hii ya Wahangaza ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi. Mkataba uleule uliikata ukaitia Tanganyika, na malalamiko ya Burundi hayakufua dafu. Hapo nakumbuka simulizi moja ya Nairn. Husemwa kwamba mfalme James wa 6 wa Uskoti alijivunia kuwa na mji wenye mtaa mmoja mrefu mno, hata watu wa mwisho huu hawaelewi lugha ya watu wa mwisho ule, kwa kuwa upande mmoja walisema Kigaeli na mwingine Kiskoti. Mji ni mmoja, lugha mbili. Bugufi ilitendewa kinyume chake. Mhangaza na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, mama wa huku ana kaka kule, na mstari ulichorwa katikati yao na watu wasiojua neno hata moja la lugha yao. Zaidi ya miaka 100 imepita, na Wahangaza wamekuwa Watanzania kamili, wanaojivunia hivyo. Hilo halifuti ukweli kwamba hawakuulizwa.

Upande wa ziwani mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi. Kabla Chato haijawa wilaya yenyewe, Biharamulo ilifika mpaka kwenye maji ya Ziwa Victoria, na bandari yake ilikuwa Nyamirembe, kijiji cha wavuvi kilichopata gati. Na ziwani humo Uskoti ulikuwepo kwa njia nyingine. Meli za mvuke za zamani, kama Usoga na Rusinga, zilitengenezwa Paisley, jirani na Glasgow, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa kwa bahari na reli hadi Kisumu, zikaungwa upya. Victoria, iliyokuja karibu na uhuru, ilitoka Glasgow pia, na bado inabeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba. Watu wa nchi kavu ya Biharamulo waliopanda meli walikuwa wamekanyaga chuma cha Uskoti bila kulijua jina la nchi hiyo.

Sasa twende Rusumo, kwa sababu historia yote hii ilikuwa inaelekea huko.

Rusumo ni kijiji kidogo ukingoni mwa maji. Jina lake maana yake ni maporomoko. Juu kidogo ya hapo Ruvubu, unaotoka Burundi, unakutana na Nyabarongo unaotoka Rwanda, na kutoka makutano hayo mto unaitwa Kagera. Kisha maji yote yanabanwa kati ya miamba na kuanguka mita 15 hivi, yakiwa ya rangi ya udongo wa vilima ilikopita mvua. Juu ya maporomoko kuna daraja. Upande mmoja Rwanda, mwingine Tanzania. Kwa sehemu kubwa ya mwaka sauti inayosikika hapo ni ya maji na ya malori yanayongoja karatasi zao zigongwe muhuri. Dereva anayelala siku nzima chini ya lori lake anaweza kudhani foleni hiyo ni jambo la kisasa. Ni foleni ileile ya Usui, ila masango yamekuwa fomu.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, iliangushwa Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Ng'ambo ya mto, katika wilaya iliyoitwa pia Rusumo, maelfu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye waliuawa katikati ya mwezi huo. Kiongozi wa wilaya hiyo, Sylvestre Gacumbitsi, alikuja kuhukumiwa Arusha na Mahakama ya Kimataifa kwa sehemu yake katika mauaji hayo. Watu wa Ngara walijua kabla redio hazijasema. Kagera ilileta miili. Ilipita chini ya daraja, ikaanguka na maji, ikaendelea na safari ya mto mpaka Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Uganda waliitoa na kuizika. Mto unaolilisha ziwa ambalo Grant na wenzake walitembea mwaka mzima kulifikia sasa ulikuwa na habari ambayo hakuna aliyetaka kuisoma.

Tarehe 28 Aprili daraja lilifunguka. Jeshi la RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda, lilikuwa linakaribia, na walioukimbia ujio wake, wengi wao Wahutu, walianza kuvuka. Kwa muda wa saa 24 hivi watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walipita daraja hilo moja. Walikuja na magodoro kichwani, ng'ombe, masufuria, watoto mgongoni, wazee kwenye baiskeli. Mlangoni mwa Tanzania walitakiwa kuacha silaha. Panga, mikuki na marungu vilirundikwa kando ya barabara, rundo juu ya rundo. Baadhi ya panga hizo zilikuwa za kulimia na kukata kuni tu. Nyingine hazikuwa.

Waliongozwa mpaka Kasulo, mahali ambapo watu walipaita Benaco kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara na kuacha bwawa la maji. Katika siku chache Benaco ikawa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Baadaye zikafunguliwa Lumasi, Musuhura na Lukole, hii ya mwisho ikijaa Warundi, na wakimbizi wakawazidi wenyeji kwa idadi. Waandishi wa habari wa dunia nzima walikuja. Walipiga picha za hema na za mashirika. Sijaona picha nyingi za mwanamke wa Kihangaza aliyeamka akakuta familia tatu zimelala chini ya migomba yake, akawasha moto na kuweka chungu.

Wageni hao walikuwa mchanganyiko mgumu. Walikuwepo watoto wasiojua lolote. Walikuwepo wakulima waliokimbia kwa hofu tu. Na walikuwepo walioua, ambao kambini waliendelea kuwa viongozi, wakigawa chakula cha msaada na kuwatisha waliotaka kurudi. Mwenyeji hakuwa na njia ya kumtambua nani ni nani. Ukarimu uliombwa kutoka kwake kabla ya ukweli kujulikana, naye akautoa. Hilo ni jambo zito, na Tanzania haijalisimulia kwa uzito wake.

Gharama ilionekana milimani. Watu laki nyingi wanapika kila siku, na wanapika kwa kuni. Miti iliyoizunguka Benaco ilikatwa kwanza, kisha wanawake wakatembea kilomita tano, kisha kumi, kisha zaidi, na nyuma yao vilima vikabaki uchi. Katika mapori ya Burigi na Biharamulo wanyama waliwindwa kwa ajili ya nyama. Nikilitazama jambo hilo nakumbuka tena Nairn, na vile vilima vya mchanga mashariki yake. Culbin ilikuwa shamba zuri lenye nyumba na bustani. Watu wa huko waling'oa majani ya pwani ili kuezekea, mizizi iliyoshika mchanga ikatoweka, na mwaka 1694 dhoruba ikauleta mchanga wote juu ya mashamba. Mwaka uliofuata Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukataza kung'oa majani hayo. Ilikuwa imechelewa. Upandaji mkubwa wa msitu haukuanza hapo mpaka miaka ya 1920, zaidi ya karne mbili baadaye. Ngara haikungoja karne mbili. Majani na vichaka vilirudi taratibu baada ya kambi kufungwa, na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Kambi za Wanyarwanda zilifungwa kwa amri. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba wote wawe wameondoka ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi hawakuelekea Rwanda. Walikusanya vitu vyao usiku wakatembea kinyume, mashariki, kuingia porini, wakitumaini kufika Kenya au kokote. Askari waliwazuia barabarani na kuwageuza. Kisha safu ile ikaanza kurudi kwenye daraja, siku baada ya siku, mvua ikinyesha, karibu watu nusu milioni katika majuma machache. Ndivyo ilivyokwisha. Wengine walikuwa na sababu ya kuogopa haki. Wengine waliogopa kisasi tu, na kulazimishwa kwao kuliacha doa katika sifa ya nchi iliyowapokea. Mambo yote mawili ni kweli na sioni namna ya kuliondoa mojawapo. Warundi wa Lukole walibaki miaka zaidi, hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Leo Rusumo ina daraja jipya, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame. Magufuli alikuwa mtoto wa nchi hii, mzaliwa wa Chato ilipokuwa bado Biharamulo. Chini ya daraja kumejengwa kituo cha umeme cha megawati 80, na umeme wake unagawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Safari hii nchi hizi tatu zenyewe zimekaa pamoja kuamua matumizi ya maji haya.

Michoro ya Grant, ile ya rangi za maji aliyoichora safarini akingoja wafalme wamruhusu kupita, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh. Nakala zake zinastahili kuletwa Biharamulo na kutundikwa ndani ya lile boma, zitazamwe na wajukuu wa Suwarora. Lakini michoro hiyo inaweza kungoja kidogo. Imekaa salama miaka 160. Kisichoweza kungoja ni upande wa mwenyeji. Aliyekuwa na miaka 30 Ngara mwaka 1994 sasa amevuka 60. Walimu wa Kasulo, wa Rusumo na wa Kabanga, wapeni wanafunzi wenu daftari waende kwa bibi na babu zao, waulize: walikuja wangapi kwenu usiku ule, mliwapa nini, na walikuwa akina nani?